Weka Kando Kwanza

Mhariri alisoma habari akiwa amesimama. Ukimpelekea karatasi, au ukimchezea sauti iliyorekodiwa, aliegemea ukuta karibu na dirisha, macho yakitazama barabara ya Mfaranyaki, mkono wa kushoto ukiishika shingo yake mwenyewe kama anayeipima. Habari ya bei ya mahindi, ya mvua, ya mashindano ya kwaya, aliimaliza hivyo hivyo akakurudishia. Lakini akivuta kiti akakaa, sisi tuliokuwa mle chumbani tuliacha tulichokuwa tunafanya. Akikaa, ilikuwa na maana kwamba ameona ndani ya habari ile mtu anayeweza kuuawa.

"Weka kando kwanza," angesema.

Redio yetu ilikuwa ndogo, katika nyumba iliyowahi kuwa mashine ya kusaga, na siku za joto kuta zilikuwa bado zinatoa harufu ya pumba. Tulisikika Songea mjini, Namtumbo mpaka Lusewa, na siku hali ya hewa ikikaa vizuri hata watu wa Madaba walitupigia simu. Mimi nilikuwa msomaji wa taarifa. Kwetu ni Namasakata, kule Tunduru kwenye korosho, na nilifika Songea na ushungi wangu na lafudhi ya Kiyao ambayo wenzangu waliicheka, mpaka Mhariri alipowaambia kwamba watu wa Tunduru nao wana masikio na wananunua betri za redio kama wengine. Nilifanya kazi chini ya mama huyu miaka mingi. Jina lake nalijua, lakini hapa mjini hakuna aliyelitumia. Hata wauza dagaa sokoni walimwita Mhariri, na walimwogopa kidogo, kwa sababu alikuwa anageuza kila fungu na kunusa.

Alichukia sana kuambiwa kwamba anakataza habari. "Kukataza ni kazi ya wenye mihuri," alisema. "Mimi naweka kando. Kilichokatazwa kimezikwa. Kilichowekwa kando kina kesho yake." Na kweli, kila asubuhi baada ya chai alikuwa anatoa yote aliyoyaweka kando jana yake, anayasoma tena mbele yetu sote, fundi mitambo na mama wa usafi wakiwemo, kisha anauliza, "Nani ananiambia nilikosea?" Ukimshinda kwa hoja, habari inakwenda hewani siku hiyo hiyo, na yeye mwenyewe anawaeleza wasikilizaji kwa nini imechelewa. Hakuona aibu. Ila kushindwa hakukumfurahisha pia. Siku moja nilimthibitishia kwamba ameweka kando tangazo la kwaya fulani kwa sababu tu hampendi mwalimu wao. Alirusha kikombe cha chai ukutani, kikavunjika, halafu akasema, "Lisome. Lisome mara mbili."

Ndivyo alivyokuwa. Aliogopa midomo ya watu wote isipokuwa wake, na wake haukuwa na mlango. Alikuwa anatoka misa ya asubuhi na kuja kumtukana fundi matusi ambayo siwezi kuyaandika. Saluni alikuwa anakaa akisikiliza umbea wa mtaa mzima wa Bombambili, akiuliza maswali, akitaka majina. Lakini hakuna hata neno moja la saluni lililowahi kupita mlango wa redio.

Wengine walidhani ni mwoga. Siku tulipopata habari ya diwani aliyeuza mbolea ya wakulima, nilitegemea atakaa. Hakukaa. Aliisoma amesimama, akaweka nukta mahali niliposahau, akanirudishia. Nikamwambia diwani amepiga simu na kutishia. "Habari ya kumuudhi mkubwa si habari ya kuua mtu," akasema. "Soma." Nilisoma. Vijana wa diwani walikuja wakavunja madirisha yetu na kumpiga mlinzi hadi meno yakatoka. Mhariri alimpeleka hospitali mwenyewe, akarudi na damu ya mlinzi kwenye sketi, na katika taarifa iliyofuata akaniambia nisome habari ile tena.

Lakini nilimwelewa vizuri zaidi siku ya yule baba wa mtaa wa Lizaboni.

Tulikuwa na kipindi cha afya ya watoto, wasikilizaji wanapiga simu. Baba mmoja akaanza vizuri, kaeleza homa ya mwanawe, kaeleza zahanati. Kisha sauti ikabadilika. "Mtoto wangu ameshafariki jana," akasema. "Na aliyemuua namjua. Ni bibi mmoja jirani yetu hapa, mjane, mnamjua wote, anaitwa..."

Mhariri alikuwa kwenye korido. Sijui alifikaje. Nilimwona tu akijitupa chini ya meza na kung'oa waya. Redio nzima ikanyamaza. Fundi aliporudisha mawimbi, tuliweka wimbo.

Kipindi hakijaisha yule baba akafika na panga. Tulisikia pigo la kwanza mlangoni, ubao ukapasuka. Mimi nilirudi nyuma ya meza. Mhariri akaenda akafungua.

"Umenikata!" yule mtu alipiga kelele. "Nalia na mtoto wangu, unanikata!"

"Ndiyo, baba, nimekukata. Pole sana. Mtoto alikuwa anaitwa nani?"

Panga likashuka. Lilipiga fremu ya mlango karibu na sikio lake, vibanzi vikamrukia usoni. Likashuka tena. Hakusogea, wala hakuinua mkono. "Alikuwa anaitwa nani?" aliuliza. Pigo lililofuata lilizama ndani ya mbao, panga likanasa. Yule baba akalivuta, akaweka mguu ukutani, akalivuta kwa mikono yote miwili, likakataa. Ndipo akakaa kizingitini akaanza kulia, na Mhariri akakaa naye, damu nyembamba ikimtoka shavuni, akamsikiliza akimtaja mtoto wake na mambo aliyokuwa anapenda kula.

Kesho yake kwenye chai akauliza swali lake. Fundi akasema, "Kukata simu hukukosea. Kufungua mlango ulikosea." Tulicheka sote. Yeye hakucheka. "Yule baba jana asubuhi hakuwa muuaji," akasema, "na jana jioni hakuwa muuaji. Ilibaki nafasi ndogo katikati. Kazi yetu iko kwenye nafasi hiyo." Yule bibi wa Lizaboni alifariki baadaye kwa uzee, kitandani kwake.

Ningependa kuishia hapo, na watu wanaomsifu huwa wanaishia hapo. Lakini mtu aliyekuwa na haki ya kumsema vibaya ni mama mzazi wa Athumani, kwa hiyo lazima nieleze habari ya Athumani.

Ulikuwa msimu wa uvumi wa wanyonya damu. Sauti ya mwanamke anayelia ilikuwa inazunguka kwenye simu: wazazi wenzangu, kuna gari la kijivu, lina watu wanachukua damu za watoto shuleni, chukueni watoto wenu. Hakuna aliyemjua mwanamke yule. Kila mtu alimtumia jirani yake. Mhariri aliisikiliza amekaa, akaiweka kando, na kesho yake sote tulikubali kwamba alifanya sawa.

Siku chache baadaye, asubuhi, simu ya redio ikalia. Alikuwa kiongozi wa watafiti wa udongo waliokuwa wanazunguka vijiji vya upande wa Madaba. Gari lao lilikuwa la kijivu.

"Mama, sisi tunachimba udongo tu, tunauweka kwenye mifuko," alisema. Nilikuwa nasikia, simu ilikuwa imewekwa spika. "Watu hapa wanatutazama vibaya sana. Kuna akina mama wameenda kutoa watoto shule. Tunaomba mtangaze kwamba sisi ni watu wa udongo."

Mhariri akavuta kiti akakaa.

"Ondokeni hapo sasa hivi," akamwambia. "Acheni vifaa. Nawapigia polisi." Na kweli akapiga, akawaeleza kijiji na njia.

"Na tangazo?" nikamuuliza.

"Nikisema si wanyonya damu, asiyejua habari ya wanyonya damu ataijulia kwangu. Nikisema wako wapi, nimewaonyesha watu njia ya kwenda kwao."

"Lakini wameomba wenyewe, Mhariri."

"Anayezama anaomba hata kisu, mdogo wangu. Weka kando kwanza. Polisi wakinipigia kwamba wametoka salama, tutaisoma saa saba."

Kabla ya saa saba video ilikuwa imefika.

Walikuta gogo limelazwa barabarani. Watafiti wawili walirukia kwenye shamba la mahindi wakaokoka. Dereva, Athumani, mtoto wa Majengo hapa hapa mjini, alijaribu kugeuza gari. Walimtoa kupitia dirishani. Katika video unaona mawe kwanza, halafu mipini ya majembe, halafu mwanamke mnene aliyevaa khanga ya harusi anampiga kwa galoni tupu. Athumani hakutukana wala hakuomba sana. Alikuwa anasema neno moja, "Mimi dereva. Mimi dereva tu." Kofia yake ya Kiislamu ikaanguka, na sauti ya mtu aliyeshika simu ikasema maneno juu ya kofia ile na juu ya dini yetu, maneno machafu. Kisha galoni jingine likaletwa, na hili halikuwa tupu.

Mimi niligeuza uso. Mhariri aliitazama mpaka mwisho, akairudisha nyuma, akaitazama tena, akihesabu nyuso. Akawapigia polisi na kuwapa maelezo ya kila mmoja.

Jioni, Saidi, kaka yake Athumani, alikuja na vijana wa bodaboda. Pikipiki zilijaza barabara yote, injini zinanguruma, wengine wana vyuma, wengine wana galoni. Yeye alikuwa ameshika simu juu.

"Shikamoo, Mhariri," alisema, na mpaka leo namkumbuka kwa hilo, kwamba alisalimia. "Irusheni hii sauti. Semeni kijiji. Semeni majina, nyuso si zinaonekana?"

"Mama yako ameshaambiwa, mwanangu?"

"Usiniulize mama yangu! Rusheni!"

"Nitatangaza kwamba Athumani ameuawa, na kwamba alikuwa dereva wa watafiti, hakuwa na kosa lolote. Kijiji sitaji leo. Yale maneno ya dini siyarushi leo. Polisi wana nyuso zote, nimewapa mwenyewe."

"Unawaficha wenzio wa kanisani."

Saidi akanigeukia mimi. "Na wewe, dada? Mwislamu mwenzetu. Umesikia walivyosema. Utasoma alichoandika huyu?"

Niliingia ndani, nikachukua karatasi iliyoandikwa na Mhariri, nikasoma. Nilirudia jina la Athumani mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sauti haikutoka. Nikasema alikuwa na mke na mtoto, kwamba alikuwa dereva, kwamba hakuwa na kosa. Sikutaja kijiji wala kofia. Nikiwa bado nasoma nilisikia nje kelele kubwa, halafu kitu kama nazi inapasuka.

Mhariri alikuwa ametoka kwenda kusimama mbele ya pikipiki. Watu wanabishana mpaka leo nani alirusha jiwe. Lilimpata jicho la kushoto. Fundi alimkuta amepiga magoti, mkono umefunika uso na damu inapita kati ya vidole, lakini ule mwingine ameng'ang'ania gurudumu la pikipiki ya Saidi, na Saidi anamkanyaga mkono ili aachie. Hakuachia mpaka Saidi mwenyewe alipochoka kukanyaga.

Saidi hakwenda. Wengine walikwenda. Njiani walichoma kibanda cha muuza chips ambaye hakujua lolote, wakampiga hadi akavunjika mguu. Walipofika kwenye njia ya kuingilia kijiji walikuta polisi wameijaza. Siku ile hakufa mtu mwingine.

Kesho yake asubuhi tulikuwa tumekaa kwenye chai, hakuna anayekunywa, mlango ukafunguliwa. Alikuwa ametoroka hospitali, kichwa kimefungwa bandeji, vidole vimevimba kama ndizi. Akakaa.

"Nani ananiambia nilikosea?"

Fundi alikuwa anatazama sakafu.

"Nimeuliza."

Nikasema mimi. "La jioni, Mhariri, sijui. Mungu ndiye anajua. Lakini la asubuhi ulikosea. Ulifikiria tangazo litafika wapi. Uvumi ulikuwa umeshafika bila sisi. Wale watu walikuwa peke yao, na sauti pekee ambayo ingewatetea ilikuwa yetu. Pengine wasingesikiliza. Pengine mmoja angesikia na kuondoa gogo."

Alinitazama kwa jicho lililobaki. Nilidhani atarusha kikombe. Akasema, "Niwekee kipaza sauti."

Alieleza yote hewani. Kwamba aliombwa tangazo. Kwamba aliliweka kando. Kwamba Athumani aliuawa tangazo likiwa mezani kwake. Hakuomba msamaha kwa maneno mazuri, hakulia. Alisema, "Nilipaswa kulisoma. Nilikosea, na aliyelipa si mimi." Waliompenda walikasirika kwamba amejianika. Waliomchukia walipiga paa lake mawe wiki nzima.

Alikwenda msibani Majengo. Nilikwenda naye. Wanawake walisogeza mikeka, tukakaa peke yetu. Mama yake Athumani aliinuka, akaja hadi mbele yetu, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Wewe nyamaza hivyo hivyo. Usinipe pole." Mhariri akainamisha kichwa. Hawakupatana siku ile, na hawakupatana hata baadaye. Nimesikia watu wakisimulia kwamba walikuja kukumbatiana. Si kweli.

Jicho lilikufa. Aliendelea kazini miaka kadhaa, akiweka kando mambo machache kuliko zamani na akichelewa zaidi kuamua, jambo lililomtesa, kisha akaniachia kiti akaenda kukaa chini ya milima ya Matogoro, mahali unapouona mji wote umetandazwa.

Mwaka huu, kabla ya mvua, nilikwenda kumwona. Nilimkuta anakata majani ya viazi kwa ajili ya nguruwe wake. Ana banda zima la nguruwe, wanapiga kelele kama wanachinjwa kila wakiona ndoo. Aliniwekea kigoda mbali, upande ambao upepo hauleti harufu, bila kuniuliza.

Hatujamaliza salamu simu yangu ikalia. Redioni. Mtoto amekufa Lusewa, wadogo zake wamelazwa, walikula mahindi ya mbegu yaliyopakwa dawa na kuoshwa, yakauzwa kama chakula. Mfuko ulitoka duka moja la hapa sokoni, na jina la mwenye duka limeshaanza kuzunguka kwenye simu. Mwenzangu alikuwa anauliza: tutangaze nini?

Nilishusha simu nikamweleza Mhariri. Akaendelea kukata majani.

"Unafikiri tufanye nini?" nikamuuliza.

"Unaniuliza ili ujue, au ili ukikosea uwe na mtu wa kumtaja?"

Nikaitazama simu.

"Mimi sina redio," akasema. "Nina nguruwe."

Nikainua simu. Nilisema: isingoje saa ya taarifa, katisha muziki. Sema mahindi yanafananaje, yana wekundu kwenye kiini hata yakioshwa, yasiliwe, aliyekula aende hospitali. Jina la duka acha. Lakini kabla hujafungua mdomo wapigie polisi wamtoe yule bwana dukani, na umtume fundi akahakikishe kwa macho kwamba ametoka. Fundi akipiga, soma.

Nilikata simu. Mhariri alikuwa ameacha kukata.

"Sasa kaa," akasema. "Hii ndiyo sehemu mbaya."

Tukakaa tunatazama mji. Upande wa soko ulikuwa na mabati yanayong'aa, na juu yake anga tupu. Kila mmoja wetu alikuwa anatafuta moshi, na kila mmoja alijifanya hatafuti. Nguruwe walikuwa wanalia kwa njaa na yeye hakuwasikia. Nilisoma dua zote ninazozijua, nikazianza upya.

Simu ikalia. Nilisikiliza, nikashukuru, nikaishusha.

"Duka limevunjwa vunjwa, wamemwaga kila kitu," nilimwambia. "Mwenyewe yuko polisi. Na kuna mama amefika hospitali na watoto wake, amesikia redio akiwa anawapakulia, na walikuwa wameshaonja."

"Mwenye duka mzima?"

"Mzima."

"Hakuguswa?"

"Fundi amemwona kwa macho yake. Mzima kabisa."

Mhariri aliachia kisu. Akakaa chini, palepale juu ya majani ya viazi, akaanza kulia, kwa sauti, kama wanavyolia watu msibani, mikono kichwani, akimtaja Athumani. Sikuwahi kumsikia akilia. Nilitaka kumgusa, nikaona nimwache. Wale nguruwe walikuwa wanapiga kelele za kutisha na banda linatikisika. Nikakunja mikono ya gauni langu, nikaokota majani, nikajaza ndoo, nikasema bismillahi, nikaenda kuwalisha.